Kipkosgei, Chelel na Ndege ya Asubuhi

Mbele ya watu, Kipkosgei wa Merigi alikuwa na maneno machache. Kanisani akiombwa kuongoza sala, alikohoa mpaka mtu mwingine akaianza. Lakini zizini, akimkamua ng'ombe wake Chelel, maneno yalimtoka bila breki. Alimweleza habari za majani chai, za mvua, hata za shemeji yake. Mama yake ndiye aliyemfunza kukamua hivyo, na bila mazungumzo Chelel hakutoa maziwa.

Shida ilianza pale kiwanja kidogo cha ndege ng'ambo ya shamba kilipopata safari ya kila asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu, ndege inanguruma juu ya mabati. Chelel anarusha teke, ndoo inabiringika, na maziwa hayashuki tena. Gari la kukusanya maziwa linapita saa moja kasoro kumi. Kwa wiki mbili lilimkuta Kipkosgei hana hata nusu ndoo. Alijaribu kukamua mapema, lakini kabla ya saa yake ya kila siku Chelel hakushusha maziwa; alisimama tu ametega masikio.

"Nenda ukalalamike," mkewe Tecla akamwambia.

"Kwa nani?"

Chifu alimtuma kwa Oyoo, meneja wa kiwanja. Oyoo akasema njia ya angani hupangwa Nairobi. Yeye hupanga saa za kuruka tu, tena pamoja na kamati ya majirani.

Kamati ilikutana saa nne, wakati hakuna ndege hata moja. Kipkosgei alisimama, akakohoa, akaketi.

Tecla akainuka. "Mume wangu anasema mje kwetu kesho saa kumi na mbili na robo."

"Amesema saa ngapi hayo yote?" Oyoo akauliza. Watu wakacheka.

"Amekohoa. Mimi namwelewa."

Kesho yake Oyoo alifika na Eddah, mwenyekiti wa kamati. Tecla aliwasimamisha kimya nyuma ya mbao za zizi, maana Chelel hapendi wageni. Kipkosgei alidhani bado wako njiani.

"Chelel, mama," alikuwa akisema, "leo wakubwa wanakuja. Nitawaambia nini? Rubani simchukii. Ana kazi yake, na wewe una yako. Nataka nusu saa tu. Gari la maziwa likishapita, hata wakitua kwenye nyasi zako tutawapungia mkono. Lakini huyo Oyoo na tumbo lile, chai yake anatia maziwa ya nani?"

Eddah alipaliwa na kicheko. Papo hapo ndege ikapita. Teke! Ndoo ikabiringika chini ya mbao na kummwagia Oyoo maziwa viatuni.

Kipkosgei akainua macho, akatamani kujificha chini ya ng'ombe.

"Usiogope, baba," Eddah akasema. "Umesema kuliko kamati nzima."

Oyoo alitazama viatu vyake. "Njia ya angani sina uwezo nayo. Lakini nusu saa naweza, mwenyekiti akikubali. Tujaribu miezi mitatu, ndege iruke saa moja kamili."

"Nakubali," Eddah akasema. "Na Kipkosgei aingie kwenye kamati. Atatuandikia saa ndege inaporuka."

Kipkosgei akakohoa.

"Amekubali," Tecla akasema.

Jumatatu Chelel alijaza ndoo mpaka povu likapita ukingo. Gari la maziwa lilikuja, likaenda. Kipkosgei aliketi kwenye kigoda, daftari gotini. Ndege ikaruka saa moja kasoro dakika tatu.

"Tuwaandike?" akamuuliza Chelel.

Chelel alicheua tu, hana habari na ndege. Kipkosgei akalamba ncha ya penseli, akaandika.