Karata za Anayekuja

Juzi niliwakuta wanangu wawili wakicheza karata sebuleni. Walikuwa wamegawa mafungu matatu.

"Hizi za anayekuja," mdogo alinieleza, kana kwamba si mimi niliyewafundisha.

Mimi nilifundishwa na Mama Konsolata, mkimbizi wa kambi ya Benaco, mchana mmoja mama yangu alipokuwa akiuza ndizi kambini. Hema la Mama Konsolata lilijaa harufu ya moshi na maharage. Alinitajia ree, shupaza, turufu, kwa sauti iliyochoka. Fungu la tatu aliliweka karibu na mlango.

"Za nani?"

"Za anayekuja."

Nikadhani ndiyo kanuni ya mchezo. Kila lori la wakimbizi lilipounguruma barabarani alitazama nje, kisha akasema, "Cheza, mwanangu."

Niliwatazama wanangu pale sebuleni. Niliketi, nikalisogeza lile fungu karibu na mlango.