Mpira Uliokata Kulia

Enzi zetu huku Machame, uwanja wa mpira ulikuwa mteremko mtupu. Goli moja juu kwenye migomba, jingine chini karibu na mibuni, na timu iliyopangiwa kushambulia juu ilikuwa inalia tu. Mpira ukitoroka, hukuufuata kwa nyuma. Ungeufuata mpaka lini? Uliutazama kidogo, ukajua: utagonga lile jiwe, utapita kwenye mibuni, utafika ukingo wa mfereji ukate kulia, usimame kwenye masale, ile mimea ya mpakani. Unakimbilia masale, unausubiri. Hakuna aliyetufundisha.

Krismasi moja baba mdogo alikuja kutoka Dar na mpira wa ngozi. Wangu! Mimi niliyezoea mipira ya majani makavu ya migomba, nililala nao kitandani. Kesho yake tukicheza, ukatoroka. Nikauona ukigonga jiwe, ukipita mibuni, kisha majani yakanizibia. Aloisi, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa na mbio kuliko sisi sote. Akatangulia. Akarudi mikono mitupu.

"Umeingia mtoni," akasema.

Mtoni! Mto uko kushoto. Tuliupekua mto ule mpaka tukatetemeka kwa baridi, mimi nalia kama nimefiwa. Mama akanipokea mlangoni.

"Mpira unaelea, mwanangu. Ungekuwa mtoni mngeuona."

Hakumtaja Aloisi, maana alikuwa mtoto wa shemeji yake. Lakini mimi nilimwangalia kwa jicho la pembeni miaka yote, hata siku ya harusi yake.

Krismasi iliyopita tulikusanyika tena nyumbani. Watoto wa siku hizi wanacheza mpira kwenye simu; chaji ilipoisha ndipo wakaukumbuka wa kweli. Ukawatoroka. Wakaufuata kwa nyuma, msururu mzima, aibu tupu! Aloisi, kitambi mbele, kikombe cha pombe ya mbege mkononi, akainuka taratibu, akaenda kusimama kwenye masale. Mpira ukaja wenyewe mpaka mguuni kwake.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Aisee, si huwa unakuja hapahapa?"

Nikamkazia macho.

"Hata ule wangu?"

Akanywa mbege. Akanywa tena, na kikombe kilishakuwa kitupu.

Watoto wakachukua mpira wao wakaondoka, hata asante hawakusema. Hawajui wanachorudishiwa. Mimi wangu nausubiri mpaka leo.