Kipanga Aliyepakwa Mafuta Siku ya Idi

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, nayo ni Idi ya mwaka ule mfungo ulipoishia Desemba, hapa Richardson, Texas, mimi nikitembelea gongo.

Gongo lile nilipewa na Hamisi. Namtaja kwa jina, maana wenzangu walimwita mwenyekiti wa watu wa pwani, na mimi namwita kwa alichokifanya. Alitutoa harusini Houston, akasinzia njiani, gari likaingia chini ya lori. Saumu na Mwanajuma, tuliokuwa nao garini, tukawazika. Mimi nikabaki na nyonga iliyovunjika. Watu wakasema ni kazi ya Mungu. Usukani alikuwa nao Hamisi.

Nilipotoka hospitali nikapewa chumba kwa Shangazi Zuhura. Nyumba ya pili yake alikaa Bi. Carol, mama wa Kizungu mstaafu, mwenye kibali cha kuuguza ndege wa porini. Aliniona nimekaa kibarazani kutwa nzima, akaniuliza kama naogopa panya. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, lakini hilo nililielewa. Nikamwambia siogopi. Ndipo nikawa namkatia nyama ya panya kipanga mmoja mdogo aliyegongwa na gari, bawa limefungwa bendeji.

Mwanzoni nilikuwa nikimsemesha, kama mtu asemavyo na paka wake. Bi. Carol akanikemea, polepole nipate kumwelewa.

"Nyamaza. Wema huu unamfanyia yeye au unajifanyia wewe? Huyu akizoea sauti za watu, atakuja kutua karibu na mtu mwenye bunduki."

Nikanuna, sitaki kusema uongo. Halafu nikanyamaza. Mkono ukawa unaingia na chakula, unatoka. Bawa likapona, akahamishiwa banda kubwa la wavu nyuma ya nyumba, akajifunza upya kumkamata panya aliye hai. Ikawa imebaki kumwachia tu, na Bi. Carol akasema tungoje siku tulivu, kwa sababu kipanga aliyetoka kuugua akikutana na mvua ya barafu kabla hajapata pa kuwinda na pa kujificha, hafiki asubuhi ya pili.

Habari zikamfikia Hamisi. Unawajua watu wetu, mwanangu. Mtu hatoki hospitali, hahami nyumba, hapandi ndege bila watu kualikwa na sufuria kubebwa. Hamisi akampigia Bi. Carol kwa adabu zote, akamwomba kipanga aachiwe siku ya Idi, kwenye uwanja nyuma ya ukumbi wa sherehe, watoto wapate kuona. Bi. Carol akakubali, kwa sharti kwamba hali ya hewa iwe nzuri.

Siku ikafika, na kaskazini mbingu imekuwa kama sufuria iliyoungua chini. Upepo umeshageuka. Bi. Carol akashuka garini na boksi lake, akatazama juu, akasema leo hapana.

"Dada, wewe amekuzoea, mfahamishe mama," Hamisi akaniambia. "Watu wamekuja na kamera. Ni dakika tano tu."

"Ameshakwambia hapana. Nimfahamishe nini?"

"Ah, nyinyi wagonjwa mna hasira! Huyo ni ndege, bwana. Baridi yote ya Texas ni yake."

Wakacheka. Huku nyuma Shangazi Zuhura ameshafunua boksi. Yeye hajawahi kumtoa mgeni nyumbani kwake bila kumfukiza udi na kumpaka manukato, na nia yake ilikuwa safi, nakiri. Alikuwa na kichupa cha mafuta ya udi. Akampaka kipanga kifuani na chini ya mabawa.

"Na anukie, mwanangu wee. Wajue huko aendako kuwa ana kwao."

Bi. Carol alipoona, akapiga kelele ambayo sijamsikia nayo tena. Manyoya yameshikana, ngozi inaonekana. Manyoya yenye mafuta hayazuii maji wala hayatunzi joto. Akirushwa vile, amekufa.

"Basi aruke, biriani linapoa," Hamisi akasema, akainama kumtoa.

Nikaweka gongo juu ya boksi.

"Wawili wanakutosha," nikamwambia.

Hamisi akarudi nyuma. Shangazi alianza kulia, akisema nimemvunjia heshima mbele za watu, na kabla ya Idi kwisha nguo zangu zilikuwa nje kwenye mifuko. Nikalala kwa Bi. Carol, kwenye kochi. Kesho yake ikashuka mvua ya barafu, nyaya zikakatika, magari yakalala mitaroni.

Kipanga tulimwosha kwa sabuni ya vyombo, tena na tena, hadi maji yakawa yanateleza juu ya manyoya. Tukamwachia Januari, asubuhi kavu, wawili tu, kando ya shamba lililokuwa halijajengwa bado. Bi. Carol alimtia pete nyekundu mguuni, akafungua boksi. Kipanga akaruka, akaenda. Hakuna aliyepiga makofi.

Baridi ikarudi kali kuliko ile ya kwanza. Ilipotulia kidogo tukapita pale kwa gari. Kipanga alikuwa juu ya waya wa umeme, amejifutua kama mpira, na panya chini ya ule mguu wenye pete. Nilishusha kioo. Akanitazama kama anavyotazama kigingi, akaendelea kula. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya kutoka hospitali.

Basi sikiliza, mwanangu. Ukimuuguza mtu, siku ya kuondoka ni yake, usiipange kwa nafasi za wageni wako. Usimpake shukrani zako akashindwa kuruka. Na akikupita njiani bila kukusalimu, huku ameshiba, wewe kazi yako imekwisha.

Mungu akupitishe baridi zote salama. Na akuepushe na wale wanaokupenda mbele ya kamera.