Jike wa Petroika

Mdarizi wa soko la Majengo alikuwa na kawaida ya kulamba ncha ya uzi kabla ya kutunga sindano, kisha kukunja uso kana kwamba ameonja shubiri. Emiliana, muuza mitumba wa meza ya jirani, ndiye aliyempa kile kitabu cha Kiingereza kilichotoka ndani ya belo la nguo, chenye picha za ndege wa Australia waitwao Petroika. Mdarizi hakujua Kiingereza, alijua rangi. Mwenye kifua chekundu alimwita Kaa la Moto, wa pinki Waridi, mwenye utosi mwekundu Kofia. Akawadarizi wawili wawili, wakitazamana, kwenye vitambaa vya makochi vya maharusi. Kale kadege ka kijivu pembeni mwa kila picha alikaruka siku zote. "Haka kifaranga tu," alisema.

Siku moja karani wa Bunge akaja kuchukua vitambaa vya harusi ya bintiye. Akafunua kitabu, akasoma, akacheka. "Mama, huyu wa kijivu ndiye jike. Wote uliowashona ni madume."

Emiliana naye akaangua kicheko. Mdarizi hakucheka. Alikipapasa kitambaa kwa kidole gumba, taratibu, kama anayepima homa ya mtoto.

"Miaka mitatu," alisema, "nimewaozesha bila wake zao."

"Acha tu, mama," karani alisema. "Nani atajua?"

"Jike atajua."

Akachukua wembe, akaanza kufumua kifua chekundu cha ndege mmoja. Emiliana akachomoa mezani pake sweta la kijivu, zuri kuliko yote, akatafuta ncha ya uzi, akaivuta na kumnyoshea mdarizi.