Kisu cha Dangise

Mnanisumbua niandike habari za Dangise, mimi niliyejifunza herufi nikiwa na wajukuu. Alipokuwa hai hamkumuuliza. Haya, nitaandika, ila asije mtu kunisahihisha.

Dangise alikuwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Hakuna boma hapa kwetu Sidama ambalo halijala wasa aliyoikwangua yeye, chakula chetu kinachotoka kwenye shina la enseti, ule mgomba wetu usioliwa ndizi. Mwenye msiba, mwenye harusi, aliyejifungua, wote walimwita. Alikuja na kisu alichopewa na mama yake siku ya kuolewa, na hujamaliza kumsalimu, enseti imeshalala chini.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na enseti tatu nyekundu za aina ya Arisho, alizoachiwa na mama yake. Hazikuguswa na mtu. Mnyauko ulipopita ukaozesha mashamba yetu, zile zilisimama. Ndipo akaja Meselech, binti wa hapahapa aliyesomea mimea, anafanya kazi kituo cha utafiti. Akazizunguka kama anachagua ng'ombe.

"Mama Dangise, nipatie machipukizi. Tutayaambukiza makusudi, tuone kama yanauweza huu ugonjwa."

"Unaniomba watoto ukawaue?"

"Wakipona, kila boma litapanda."

Dangise akakubali: mvua zikianza atakata moja ichipue. Binti akaongeza kwamba ugonjwa unatembea na kisu, kwa hiyo kipitishwe motoni kila kinapotoka boma la mtu. Wanawake wote tuliokuwa pale tukaangua kicheko.

"Kisu cha mama nikichome?" Dangise akasema. "Kikilainika si kitakuwa kijiko? Utakula wasa iliyokwanguliwa kwa kijiko, wewe?"

"Nitakula, mama, mradi shamba lipone."

"Shule imekushibisha. Kaa ule, usinifundishe kazi."

Mvua zilianza pamoja na msiba wa mzee Hankarso, ng'ambo ya mto. Tulikwangua mpaka jua likashuka, na baadhi ya enseti za pale zilikuwa zimeanza kulegea majani. Tuliporudi, Dangise akapita moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba, kisu kilekile mkononi.

"Wifi, pumzika basi."

"Binti anangoja."

Akaangusha Arisho moja, akachimbua kiini chake, akafukia tunguu. Kisha akakata majani ya zile mbili, apate ya kulifunikia.

Machipukizi yalitoka mengi, mazuri, halafu yakageuka manjano. Zile mbili zikafuata. Meselech alipokuja na magunia yake matupu, Dangise alimuuliza swali moja tu.

"Yangeuweza?"

"Sijui, mama. Labda zile tatu zilikuwa na nguvu kweli, labda zilisimama tu kwa sababu kisu chenye ugonjwa kilikuwa hakijawahi kuzifikia. Sasa hatutajua."

Sikuwahi kumsikia binti yule akisema, "Niliwaambia."

Tangu hapo Dangise hakwenda tena kukwangulia watu. Akiitwa, anasema mgongo unauma. Mgongo wake haukuwa na kitu. Amefariki kiangazi hiki, na wasa ya msiba wake ilijaa nyuzi, angetutukana.

Kisu ninacho mimi, na nakitia motoni. Makali yamekwisha, hapo hakukosea.

Sasa nimeandika. Nanyi mnaosoma, nendeni nyuma ya nyumba za mama zenu mkatazame. Mkiona enseti nyekundu kuanzia shinani hadi mshipa wa jani, chomeni kisu kwanza, kisha mniletee chipukizi na udongo wake. Msiniletee salamu.