Kilo Saba za Mama Kilo

Mama Kilo hakupokea gunia bila kulichoma. Alikuwa na nondo yake nyembamba, ncha ameinoa mwenyewe kwenye jiwe, na kila mzigo ulioingia katika yadi ile ya vyuma chakavu ulipata tundu kabla mwenyewe hajapata salamu. Nondo ikigonga chuma, sawa. Ikizama polepole na kutoka na unyevu, mwenye gunia alianza kutazama viatu vyake. Kwa miaka kumi na moja ya kusimama kando ya mizani alikuwa ameshakuta mchanga, matofali, betri zilizojazwa maji, na mara moja mguu wa meza uliopakwa rangi ya fedha, ambao mwenyewe aliapa ni aluminiamu.

"Basi aluminiamu yako imeanza kuliwa na mchwa," alimwambia, akaandika sifuri.

Mtu wa namna hiyo haachi shaka getini akirudi nyumbani. Maziwa aliyanusa hata kama ng'ombe alikamuliwa mbele yake. Wachumba wa binti yake aliwachoma kwa maswali mpaka wawili wakasahau njia ya kuja. Kwa hiyo binti, ambaye ni msusi na hushinda akisikiliza siri za vichwa vya watu, alijua anachokitafuta siku alipomwambia mama yake habari za kliniki ya simuni na sindano za kupunguza mwili.

"Huyo daktari yuko wapi?"

"Kwenye simu, mama."

"Kwenye simu hata wale wanaoniambia nimeshinda gari wapo."

"Huyu ana leseni. Namba yake tumeikuta kwenye orodha ya madaktari, na wewe umeiona kwa macho yako."

"Nimeona namba. Namba hata mimi ninazo."

Angekataa moja kwa moja, ila goti la kulia lilikuwa limeshapiga kura yake. Lililia kama bawaba ya mlango wa choo cha shule, na mtu wa hospitali aliyelipiga picha hakumung'unya maneno: apunguze mwili, au atafute kazi ya kukaa. Kazi ya kukaa kwa mpima mizani haipo. Mpimaji akikaa, haoni mguu wa mtu ulioegemezwa kwenye jukwaa la mizani kwa bahati mbaya. Goti likigoma, kazi imekwisha, na Mama Kilo hakujua kazi nyingine duniani zaidi ya kutoamini watu.

Basi Jumamosi moja asubuhi, kabla ya foleni, alipanda mizani yake mwenyewe. Mshale ukasimama kwenye themanini na sita. Akaupiga picha pamoja na vidole vyake vya miguu, ili mtu asije kusema ni kilo za mwingine.

Daktari alitokea kwenye kioo cha simu, kijana mwenye miwani na koti lililonyooshwa vizuri mno kwa mawazo ya Mama Kilo.

"Mwanangu, hebu zungusha simu nione hicho chumba."

Daktari akazungusha. Kulikuwa na kiti, beseni la kunawia, kalenda ya mwezi uliopita. Hiyo kalenda ndiyo iliyomtuliza kidogo. Tapeli angeweka ya mwezi huu.

Aliulizwa kuhusu kongosho, nyongo, uvimbe wa tezi ya shingo katika ukoo, sukari, presha. Aliulizwa kama kuna uwezekano wa mimba.

"Daktari, huko kumefungwa na ufunguo umepotea."

Akatuma majibu ya damu na barua ya hospitali. Kilichomtia hofu kilikuja mwisho. "Uzito nitauchukua kama ulivyoupima wewe, mama. Nakuamini." Mama Kilo akamtazama binti yake. Maishani mwake mtu aliyesema nakuamini kabla ya kuchoma gunia alikuwa ama mjinga au ana lake jambo.

Sanduku lilikuja kwa pikipiki, limezungushiwa barafu kama samaki. Alikagua lakiri, tarehe, namba za kiwandani. Akaiinua kalamu ya sindano kwenye mwanga wa dirisha.

"Nyeupe kama maji."

"Usiitikise, mama."

"Maji yakitikiswa yana shida gani?"

Nesi wa kliniki, mwanamke mwenye sauti ya mtu anayekula peremende, aliwaelekeza kwa video: kando ya kitovu, bonyeza, hesabu mpaka kumi. Ilikuwa kama kuumwa na sisimizi mwenye haraka. Ikawa hivyo kila Jumapili, na kila Jumamosi akapanda mizani. Wiki za kwanza alicheua uchachu na chakula kikamkalia kooni kama mgeni asiyejua kuaga. Sahani ikawa nusu, halafu robo. Dozi ikapandishwa taratibu. Na mshale ukaanza kurudi nyuma: themanini na tano, themanini na tatu, themanini na moja. Mwezi wa nne wa sindano ulipokaribia ulisimama sabini na tisa. Goti likapunguza makelele. Sketi yake ya kazini ikaomba pini, kisha pini ya pili. Shaka ilikuwa imeanza kusinzia.

Ndipo ikaja ile Jumamosi.

Alipanda mizani kama kawaida, na mshale ukasema themanini na sita.

Alishuka. Akavua viatu, akatoa rundo la funguo kiunoni, akapanda tena. Themanini na sita. Kilo saba kwa wiki moja, na wiki nzima alikuwa amekula kiasi cha kumtia aibu kuku.

Alimpigia nesi palepale, amesimama peku juu ya jukwaa.

"Mmenitumia maji."

"Samahani, ni nani mwenzangu?"

"Ni mimi wa goti. Kalamu za mwanzo zilikuwa dawa, nakubali. Mtu mwerevu hutanguliza mzigo safi, ukishamwamini anakuwekea mchanga chini. Kazi hiyo naijua kuliko ninyi. Kesho sindano yenu nazika."

"Usiizike, mama. Nitumie picha ya namba ya sanduku, tuikague leo hii. Tumbo linakuuma? Unatapika? Miguu imevimba?"

"Hakuna."

"Njaa imerudi?"

"Hata njaa yenyewe siikumbuki sura."

"Una uhakika na mizani yako?"

"Mdogo wangu, tukana kila kitu, mizani yangu usiiguse."

Neno hilo lilimtoka bila kufikiri, maana alilisema mara tano kwa siku. Wauzaji wote walilijua. Mzee Bati, mwokota vyuma mwenye mkokoteni wa magurudumu yasiyolingana, alikuwa akilisema pamoja naye, kwa sauti ya kike, ili kuwachekesha wenzake. Yeye ndiye aliyeipa mizani ile jina la Mwenye Njaa.

"Sawa, sijaigusa," nesi akasema. "Ila sketi yako inasemaje?"

Mama Kilo akatazama chini. Pini mbili, na bado kiganja kizima kilipita kati ya sketi na tumbo.

"Sketi haina stika ya serikali," alijibu, na macho yakamwendea stika yenyewe, kijani, ubavuni mwa mizani. Ilikuwa mpya. Tarehe ilikuwa ya juzi, Alhamisi, siku aliyoomba ruhusa kwenda hospitali kupeleka goti. Wakaguzi wa vipimo walikuwa wamepita na Tajiri, mwenye yadi, hakumwambia.

Akakata simu. Akasimama pale, nyayo baridi juu ya chuma, na kitu kikamchoma kuliko sindano zote: saruji.

Miaka miwili nyuma, muuza vifaa vya ujenzi wa ng'ambo ya barabara alibishana na mteja, wakaja kupima mfuko wa saruji wa kilo hamsini, haujafunguliwa. Mizani ikasema arobaini na sita. Mama Kilo hakuwa na simile. Alitangaza mtaa mzima kwamba kiwanda kinaiba na jirani anajua. Wateja wakapungua ng'ambo ile, na tangu hapo walisalimiana kwa kidevu.

Alivaa viatu, akavuka barabara.

"Nataka mfuko mmoja wa saruji. Ni wa kupima tu."

"Leo umepungukiwa watu wa kuwaita wezi?"

"Njoo nao, jirani. Nakuomba."

Hakuwahi kusikika akiomba. Jirani akaubeba mfuko begani, akautua kwenye mizani. Mshale ulikwenda moja kwa moja, ukatulia kwenye hamsini kama mtu aliyefika kwake.

"Eh," jirani akasema. "Saruji imeokoka."

Mama Kilo hakucheka.

"Alhamisi alfajiri," jirani akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, "Tajiri wako alikuja na fundi. Wakaifungua hiyo mizani tumboni. Wakaguzi walipofika saa nne, fundi alishaondoka. Nikajua, lakini ningekwambia nini? Ungenichoma na nondo."

Mama Kilo alikaa kwenye kiti cha plastiki ambacho hakuwahi kukikalia saa za kazi. Basi miaka yote mizani ilikuwa ikipunguza, na yeye mwanzo hakuwa themanini na sita. Alikuwa tisini na tatu. Themanini na sita ni sasa. Kilo saba alizozipoteza zilikuwa za kweli, kilichokuwa cha uongo ni mahali alipoanzia. Sindano ilikuwa safi, daktari wa kalenda mbovu alikuwa safi, na yeye aliyechoma magunia ya watu miaka kumi na moja hakuwahi hata siku moja kuichoma mizani. Kichwani alimwona Mzee Bati akibishana, akiondoka, akirudi. Aliwaona wote waliotazama viatu vyao.

Tajiri alikuwa ofisini akinywa chai. Hakuwa mtu mkali. Yeye ndiye aliyemnunulia kile kiti.

"Alhamisi fundi alikuja," Mama Kilo alisema mlangoni.

"Vyombo hutengenezwa."

"Ilikuwa inaumwa nini?"

Tajiri akakoroga chai iliyokwishakorogwa. "Mama Kilo, kazi yako ni kusoma. Kinachosomwa niachie mimi."

"Na fundi atarudi lini?"

"Goti lako linaendeleaje?" Tajiri aliuliza kwa upole sana.

Alielewa. Akamjibu kwamba linaendelea, akatoka. Jumapili alijidunga sindano yake kama kawaida. Kalamu aliiinua kwenye mwanga kwanza, maana kuwa safi mara moja si kuwa safi daima.

Jumatatu foleni ilikuta mfuko wa saruji, umefungwa vilevile, umekaa kando ya mizani kama mkaguzi. Mama Kilo akaomba wawili waunyanyue.

"Someni wenyewe."

"Hamsini," wakasema.

"Haya. Kila asubuhi saruji inatangulia, kisha ninyi."

Mzee Bati alikuja wa tatu. Aliutazama mfuko, akamtazama Mama Kilo, akavuta gunia lake nyuma kidogo.

"Mwenye Njaa ameshiba?"

"Ameshiba. Mwaga huo mchanga."

"Mchanga gani?"

"Mzee, mimi na wewe tumezeeka pamoja hapa. Mwaga."

Mzee Bati aliinamisha gunia pembeni ya ukuta, mchanga ukatiririka, kama kilo nne hivi. Hakuona haya. "Mimi nilikuwa natia kiasi kilekile anachokula," alisema. "Tena nilikuwa napima kwa kopo, nisije kumdhulumu."

Foleni ikacheka. Mama Kilo alitaka kucheka akashindwa. "Ulikuwa unasema kweli, Mzee Bati," alimwambia. "Mimi nilikuwa nakutukana." Akapima vyuma vyake, akaandika uzito wote, bila kukata. Mzee alibaki akikung'uta gunia tupu muda mrefu kuliko lilivyohitaji. Dirishani mwa ofisi pazia lilisogea, likarudi.

Wiki nzima ikaenda hivyo. Jumamosi, kwa kuwa sasa hakuamini mizani yoyote inayolala peke yake, alipitia famasi akapima kule: themanini na tano. Akampigia nesi, akampa namba.

"Na mizani hii una uhakika nayo?" nesi akauliza.

"Bado naichunguza."

Jumatatu ya pili alifika mapema. Mfuko wa saruji ulikuwa na tundu pembeni, karibu na chini, refu kama kidole, kingo zake zimenyooka. Panya hatumii kisu. Unga wa kijivu ulikuwa umemwagika sakafuni na mtu ameufagia nusunusu. Mama Kilo hakuugusa. Alivua viatu, akatoa funguo, akapanda jukwaani mbele ya watu wote, yeye aliyekuwa akipima mwili wake kwa kujificha.

Sabini na nane.

"Hongera," mmoja kwenye foleni akasema. "Zimekwisha hizo."

"Juzi famasi nilikuwa themanini na tano," Mama Kilo alisema, kwa sauti ya kutosha kufika dirishani. "Hakuna sindano inayotoa kilo saba kwa siku mbili. Nimeuliza."

Wote kwenye foleni waligeuka kutazama mfuko uliotoboka, kisha mizani, kisha mlango wa ofisi ambao ulikuwa umefunguka. Tajiri alisimama pale na kikombe chake.

Mama Kilo alishuka. Alivaa viatu polepole, akafunga daftari, akalitia kwapani pamoja na nondo, akaanza kutembea kuelekea getini.

"Unakwenda wapi na watu wanasubiri?"

"Kuchukua saruji nyingine."

"Ukitoka hapo, Mama Kilo, fikiria vizuri."

Hakusimama. Nyuma yake mkokoteni ukalia, magurudumu yasiyolingana. Mzee Bati alikuwa amekwisha kulitua gunia lake chini na anamfuata, maana mfuko wa kilo hamsini haubebwi na mtu mwenye goti.