Mashine Iliyonyamaza ya Bi Bualai

Lori la mihogo lilikuwa halijasimama bado, Bualai akafunika pua kwa kitambaa. Alikuwa njiani tangu alfajiri kutoka kwao Surin, na Rayong, mji wa viwanda asioujua, ulimpokea kwa harufu kabla ya watu. "Hapa nakaa mwezi mmoja tu," alijiambia. Mwezi ukazaa miaka ishirini na mitatu, na pua ile ile ndiyo iliyomlisha.

Kiwandani alipewa mashine namba tatu. Mashine hiyo huyeyusha plastiki ikawa uji mzito, kisha huutoa mvuke wenye harufu ulionasa ndani, maana uji huo hukatwa punje za kutengenezea vifuniko vya vikombe vya watoto, na kifuniko cha mtoto hakitakiwi kunuka kitu. Siku za kupima harufu kwa pua, Bualai hali kitunguu saumu wala samaki wa kuchachushwa. Ni uji mweupe na yai, basi. Wenzake walimwita mtawa wa namba tatu.

Mwaka huu binti yake alijifungua. Kesho asubuhi mtoto angetimiza mwezi na kunyolewa nywele za kwanza, na bibi yake hajamwona bado. Kazi alikwisha kuiaga; basi la Surin ni saa kumi jioni. Lakini meneja alisema wazi: mizigo miwili imerudishwa kwa kunuka, Bualai haondoki mpaka wa tatu upite.

Saa tatu asubuhi alinusa chupa ya punje zilizopashwa moto, akakunja uso. "Bado."

Mhandisi Khomsan, mwenye wiki tatu tu tangu atoke Bangkok, alishika kiuno. "Shangazi, pampu inavuta hewa vizuri, joto liko sawa. Labda pua imezeeka."

"Pua haizeeki, mwanangu. Kinachozeeka ni subira. Hebu nyamaza nisikie."

Akasogeza sikio kwenye kioo cha tundu la kutolea mvuke. Siku zote humo hupasukapasuka kama bisi kwenye sufuria. Leo kimya. Uji ulipita laini, unang'aa, bila povu hata moja.

"Maji yamekwenda wapi?"

"Nimeyafunga. Tunahangaika kutoa mvuke, halafu mtu anasukuma maji ndani? Nilidhani ni kosa la aliyenitangulia."

"Aliyekutangulia ni mimi."

Khomsan akatoa mkono kiunoni.

"Mvuke wa harufu uliobaki ni mdogo mno," alisema Bualai. "Peke yake hauna nguvu ya kuupasua uji huu. Umekaa humo kama mgeni mwenye haya, hajui kuaga. Maji yanaingia kwa kusukumwa, yakifika hapa yanafumuka mapovu. Mgeni anaingia kwenye povu, povu linapasuka, pampu inamvuta nje. Bila povu hana mlango."

"Basi niyafungue yote?"

"Ukiyafungua yote, uji utapanda uzibe tundu, na utauchokoa wewe kwa patasi. Kidogo tu. Usitazame, sikiliza."

Khomsan alizungusha koki. Kimya. Akazungusha tena. Ta. Ta-ta. Kisha kioo kikajaa povu jeupe kama wali unaoanza kuchemka, na Bualai akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Saa nane mchana pua tatu nyingine ziliitwa kupima punje mpya. Mbili zilisema hakuna kitu. Ya tatu, ya Prasit wa stoo, ilisita. "Mimi nasikia samaki."

"Prasit! Umetoka kula sasa hivi! Kaoshe vidole!" Bualai alifoka.

Prasit akaosha, akanusa tena. Hakuna kitu.

Mzigo ukapita. Bualai alisugua mikono kwa ndimu mara tatu, akasafisha pua kwa maji ya chumvi. Kwao mjukuu habusiwi kwa midomo. Hunuswa shavuni, pumzi ndefu, macho yamefumbwa.

"Shangazi," Khomsan alimuuliza kituoni, akimpandishia kikapu, "unakwenda kumbusu au kumpima?"

"Akinuka plastiki namrudisha kwa meneja."

Basi liliondoka saa kumi na dakika tano, Bualai dirishani bila kitambaa puani. Khomsan alirudi kwenye namba tatu, akazima redio ya watu bila kuomba ruhusa, akainamisha sikio kwenye kioo. Bisi zilikuwa zinapasuka.